Mkono wa Kushoto wa Somo Yako

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwako mke wangu Zuhura,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na miguu umeinyoosha. Ikikukuta jikoni, tafadhali epua chungu kwanza, ukae, ndipo usome. Goti lako linaendeleaje? Mvua zimekatika huko Masasi? Mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi ni mzima. Binti yetu Salma hajambo, na mkwe wetu Hamisi hajambo. Kila siku anakwenda mtaa wa Gerezani kuuza vipuri vya magari, na jioni anarudi akinuka grisi. Somo yako, Zuhura mdogo, ananyonya vizuri na mashavu yamejaa.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia, ilhali tunazungumza kwa simu. Kuta za nyumba hii ni nyembamba, na haya ninayotaka kukueleza yanahitaji kusomwa mara mbili. Leo asubuhi, Salma alipokuwa akimvalisha mtoto, alisema bila kunitazama, "Baba, mwandikie mama. Mwandikie wewe. Mimi nikianza tu, nitalia." Ndiyo maana nimekaa na karatasi. Ni habari ya mkono wa kushoto wa mjukuu wetu.

Unakumbuka nilivyoondoka kwa haraka, Salma alipojifungua kabla ya miezi yake kutimia. Sikukusimulia yote. Mtoto alikuwa njiti kwelikweli; kichwa chake kilienea katika kiganja changu na ngozi yake ilipenyeza mwanga. Salma alikuwa hajiwezi kwa kidonda cha upasuaji, na Hamisi kila akimkaribia mtoto alirudi nyuma kwa hofu ya kumuumiza. Muuguzi akanigeukia. "Mzee, vua shati."

Mke wangu, nimefundisha watoto wa watu hadi nikastaafu, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuniamuru nivue shati. Nikavua. Akamlaza mtoto kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi ili apate joto, akatufunga pamoja kwa kitenge, akaniambia nisitikisike. Nikakaa hivyo mchana kutwa. Nilisinzia na kuamka, nikasinzia tena, nisijue ni moyo wa nani ninaousikia. Nilimwona marehemu baba yangu akipita kati ya vitanda, jembe begani, miguu ina vumbi jekundu la kwetu. Alimtazama mtoto, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona shamba limepaliliwa, akaendelea na safari yake. Nilipofumbua macho, mtoto alikuwa akipumua.

Tuliporudi nyumbani, mambo yalikuwa matulivu. Chumba chetu kipo juu ya duka la nguo, na mchana jua likipiga vitambaa vilivyotundikwa ng'ambo ya mtaa, ukuta wetu hugeuka rangi: saa hii wa manjano, baadaye wa zambarau. Kelele za wachuuzi hupanda hadi dirishani zikiwa zimechakaa, hata maneno huyatambui. Mimi na mtoto tulikaa ndani ya rangi hizo kama watu waliosahauliwa na dunia, na miezi ilipopita, mtoto akaanza kushika vitu, niliona jambo lililonifurahisha. Nikimpa kijiko, alikipokea kwa mkono wa kulia. Nikikipeleka upande wa kushoto, aliuvusha ule ule wa kulia mbele ya kifua akakichukua. Wa kushoto aliukunja ngumi, kidole gumba ndani, akauweka kando.

Wewe wanijua. Hapana mwanafunzi aliyenikabidhi daftari kwa mkono wa kushoto nikalipokea. Basi nilimsifu mtoto mbele ya kila mtu. Bi Hemlata, yule mama wa Kihindu mwenye duka hapo chini, naye akafurahi, kwa kuwa kwao pia mkono wa kulia ndio wa heshima. "Babu, huyu ameshafundishwa tumboni!" Hamisi akanitania, "Mzee, mke wako mdogo ana adabu kunizidi mimi." Nikamjibu kwamba hilo halikuwa jambo gumu.

Kliniki ya watoto njiti ilipowadia, nilimpakata mimi mwenyewe. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni binti mchanga, rika la kitinda mimba wetu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Mtoto anaendeleaje?"

Nikamweleza kwa fahari kwamba mjukuu wangu hagusi kitu kwa kushoto. Salma alicheka. Binti yule hakucheka. Alichukua kayamba dogo, akaushika taratibu mkono wa kulia wa mtoto, kisha akalitikisa kayamba upande wa kushoto. Mtoto alilitazama. Alilitamani, mke wangu; alifunua mdomo, kiwiko cha kushoto kikainuka, ngumi ikatetemeka. Haikufunguka. Akaangua kilio.

"Babu," yule binti alisema, "mtoto wa umri huu anakuwa bado hajachagua mkono. Anatumia wowote ulio karibu. Akichagua mapema hivi, mara nyingi ni kwa sababu ule mwingine unamshinda."

"Kwa hiyo si adabu."

"Si adabu, babu."

Alitueleza kwamba watoto wanaozaliwa mapema hivyo huwa na mishipa laini mno kichwani, na wengine huvuja damu kidogo katika ubongo siku zile za kwanza bila mtu kujua. Alama huja baadaye, nazo ni ndogo: ngumi isiyofunguka, miguu inayokakamaa na kupishana kama mkasi, mtoto aliye mkimya kupita kiasi. Mtoto wa miezi michache akilazwa chali, alisema, vifundo, viwiko na vidole vyake havitulii hata kidogo, kama anayecheza ngoma asiyoisikia mwingine. Nilimkumbuka Zuhura wetu alivyokuwa akilala katika ile nuru ya vitambaa, upande mmoja ukicheza na mwingine umenyamaza. Tulisema ni mtoto mpole.

Salma aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni kitu nilichofanya mimi?"

"Hapana, dada yangu. Si wewe, wala si mtu mwingine."

Daktari naye alimpima akasema maneno hayo hayo. Hakutuahidi kwamba mkono utakuwa sawa na mwenzake. Alisema tumekuja mapema, na kwamba ubongo wa mtoto bado unaweza kujitafutia njia nyingine, ikiwa tutaufanyisha kazi kila siku.

Kazi yenyewe ndiyo hii, nawe utacheka. Kila siku namvika soksi mkono wa kulia, ule wa adabu, nikaufunga usitoke. Kisha nampa kila kitu kushotoni: kijiko, kitambaa, kipande cha ndizi, ndevu zangu. Mimi! Siku ya kwanza Bi Hemlata alipanda juu akatukuta hivyo.

"Babu, vipi? Unafunga mkono mzuri, unaacha mkono mbaya?"

"Hakuna mkono mbaya katika nyumba hii," nilimwambia, kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia.

Alinitazama, akamtazama mtoto, akashuka. Nilidhani nimemuudhi. Akarudi na kikuku chenye njuga ndogo, cha kuvalishwa watoto wao mguuni, akaketi sakafuni na kumvalisha Zuhura kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. "Sasa akiusahau, mkono utamwita." Tangu hapo, mchana mtaa unapopungua kelele, nasikia njuga zile kidogo kidogo, mara zikanyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani nimeziota.

Sasa nije kwenye ombi. Salma anakuogopa wewe kuliko daktari. Anaogopa utamuuliza alikula nini, alipita wapi, alimtazama nani alipokuwa na mimba. Nakusihi usimuulize. Shangazi yako akitaka kuleta dawa ya kufunga mkononi, mshukuru, uiweke kando. Akisema ni zongo, kwamba mtoto amepigwa jicho baya, mwambie mumeo amesema ni ubongo, na kwamba ameona kwa macho yake. Nilikuahidi kurudi kabla ya kuokota korosho, nami siwezi. Salma amerudi kazini, Hamisi yupo dukani. Asiyefunga soksi leo atavuna nini mwakani?

Msalimie dada yangu mkubwa na umwambie dua zake zinatufikia. Mpe salamu kaka yako wa kisimani, pamoja na mjomba wa Salma mwenye cherehani. Kofia aliyoishona bado ni kubwa, mtoto ataikulia. Jirani yetu anayetulishia mbuzi naye asalimiwe sana.

Nilikuwa nimefika hapa nilipoweka kalamu ili nimwogeshe mtoto. Nilimvua kikuku, nikamketisha ndani ya beseni, macho makavu kabisa, akinitazama. Nilitia kidole changu katika ngumi yake ya kushoto, akakibana. Hilo si jipya. Kubana ndiko anakokujua. Nikangoja. Maji yalikuwa yametulia na rangi ya ukuta imeingia ndani yake. Akakunja uso, akaukaza mdomo kama mtu anayetafuta neno, na kidole kimoja kikalegea, kikafuata kingine, polepole, mpaka vyote. Akaniachia.

Yule binti alituonya tusijenge matumaini juu ya siku moja, nami sijengi. Lakini nimeketi hapa, kidole bado kimelowa, nacho nakitazama kama kitu nilichorudishiwa. Waachie wapwa zako shamba. Njoo, mke wangu. Mikono yangu miwili haitoshi.

Ni mimi mumeo, mwenye kukungoja,
Selemani