Vilio vya Kitswamba kwenye Mazishi Yako

Mwalimu wangu Baluku,

Nakuandikia kwa aibu. Wewe ndiye uliyenishikisha kamera hapa Bwera, nami nimeharibu video ya mazishi yako mwenyewe.

Unakumbuka ile harusi ya Mubuku? Nilimkazia kamera mchungaji mahubiri yote, ukaninong'oneza: "Hotuba peke yake inalaza watu. Zunguka. Chukua mikono, masufuria, viatu mulangoni." Uliziita picha za kujazia, ukaniambia zitoke palepale, siku ileile. Niliitikia tu, kichwa kikubwa.

Siku tuliyokuzika Karambi niliwafuata wakubwa. Kila aliyeshika kipaza sauti, nilikuwa mbele yake. Kwa wanawake sikwenda kabisa. Nilipokaa kuhariri nikakuta hotuba juu ya hotuba, na video yenyewe ilikuwa ya kumpelekea dada yako Masika, mgonjwa kule Butembo, aliyeshindwa kuvuka mpaka kuja kukuzika. Basi nikafungua mazishi mengine niliyorekodi kule Kitswamba, nikachukua picha za wanawake wanaolia na mikono inayotupa udongo, nikazipachika kwenye video yako. Ikapendeza, Mwalimu. Hata nilijisifu, nikamtumia Masika.

Akapiga simu kuuliza juu ya wale wanawake. "Bale bamama beko banani? Sijue hata mumoja." Nikababaika, nikasema ni majirani. Akauliza, "Na mama iko wapi?"

Mama yako mzazi! Sikumpiga picha hata mara moja. Masika alikuwa amewaita jirani zake watazame naye. Walilia wote, na kaburi walilolililia si lako.

Nilikaa na uongo huo siku tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika hata kwenye kona. Jana nikampigia, nikamwambia yote. Nilingoja matusi. Yeye akasema, "Basi unielezee kwa mudomo. Mama alivaa nini? Alikaa wapi?"

Sikujua. Nilikuwepo tangu asubuhi mpaka koleo la mwisho, na sikujua.

Pumzika, Mwalimu. Nisamehe ukiweza. Jumapili napanda Karambi bila kamera. Nitakaa chini karibu na mama yako, nimwombe anieleze siku ile, na safari hii nitamtazama usoni mpaka niweze kumsimulia Masika.

Mwanafunzi wako,
Muhindo