Maziwa Niliyoyafuta Kwenye Fomu Yako

Huruma, Eldoret.
9 Agosti 2025.

Mpendwa dada Chepngetich,

Pokea salamu zenye moto kama chai ya Mama. Habari ya Lodwar na hilo jua lenu? Hao wanafunzi wako wa hesabu bado wanakuogopa? Huku sisi ni wazima. Kifua cha Baba kimepoa, na mimi nazidi kupendeza, wasichana wa Huruma ni mashahidi.

Najua unashangaa barua ya karatasi. Ningekupigia simu lakini sauti yako ingenifunga mdomo. Kaa chini kwanza.

Majibu ya ile masters yako ya uchumi yalifika Jumatatu hapa saiba, kwenye kibanda changu cha intaneti. Nafasi umepata. Wewe ni kichwa, hata kama ugali wako hauivi. Lakini ule ufadhili wa watoto wa wakulima wadogo wamekunyima, na bila huo najua huwezi kwenda. Wameandika kwamba familia yetu inajiweza.

Dada, hiyo ni kazi yangu.

Uliponitumia karatasi yako ya maombi kwa basi nikupigie taipu, niliisoma. Pale wanapouliza kwa nini unataka uchumi, uliandika juu ya ule mwaka bei ya maziwa ilianguka, Baba akarudi kutoka kuuza Moiben na mikebe yote bado imejaa, akayamwaga kwa mtaro nyuma ya boma, wewe ukimwangalia kupitia ua. Uliandika kwamba alinawa mikono akaingia kula kama kawaida, na tangu siku hiyo ukataka kujua ni nani hupanga bei.

Niliona aibu. Nikasema hawa watu wa chuo watatucheka. Si unanijua, niliacha shule kidato cha pili lakini hapa kibandani mimi ndio profesa. Nikafuta maziwa yote. Nikaandika Baba ana ekari sitini, trekta mbili na ng'ombe wa gredi arobaini. Nilitaka uingie huko ukiwa mtoto wa mtu. Hata nilijipigia makofi.

Jumanne nilienda kwa ofisi ya ufadhili ya chuo nikamweleza mama wa pale kila kitu, bila utani hata mmoja, ndio ujue mambo ni mabaya. Alinisikiza mpaka mwisho. Akasema orodha imefungwa, ufadhili wako amepewa mwingine, na mwaka ujao utaomba upya kama wengine.

Ikabidi nimwambie Baba. Nilimsomea karatasi yako, ile ya kweli. Nilidhani atanichapa, na ningekubali. Akasema tu, "Kumbe aliniona." Akachukua hiyo karatasi, akatoka nayo kwa ng'ombe, na hakurudi kula.

Hajanitukana mpaka leo. Afadhali angenitukana.

Mimi nikasirikie vile unataka, hata mwaka mzima. Lakini Baba mpigie. Yeye anaogopa kukupigia, anadhani miaka hii yote ulikuwa unamwonea aibu. Nimemwambia mwenye aibu nilikuwa mimi, lakini mimi nani ananiamini sasa? Ataamini kutoka kwako.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Kimeli pia. Nisalimie mwalimu Adero unayeishi naye. Mungu akutunze kwenye hilo joto, na akupe moyo mkubwa kuliko wangu.

Ni mimi ndugu yako, anayekupenda hata alipokuharibia,

Kipkirui.