Cheni Niliyoipaka Rangi ya Kucha

Alhamisi. Bagamoyo imefunikwa na mawingu tangu asubuhi, mvua hainyeshi, na joto limejifungia humu ndani pamoja nasi. Magharibi imepita sasa hivi. Leo sina salamu kwa yeyote.

Nina hasira, na naiandika kabla sijaizoea.

Pikipiki ya baba imerudi nyumbani juu ya kirikuu, kale kagari ka mizigo, haina cheni, na taa ya mbele imepasuka. Kaka yangu Seif ameanguka nayo Mapinga, kwenye njia ya mchanga inayoingia kwenye viwanja anavyovitafutia wateja. Cheni ilikatika, ikajisokota nyuma, tairi likagoma kuzunguka. Amechubuka goti na kiganja. Mteja aliyempakia aliangukia majani, akainuka mzima. Alhamdulillahi. Hilo nalisema kwa moyo wangu wote, maana yanayofuata sitayasema kwa moyo huo.

Alasiri haijaadhiniwa, nyumba nzima ilikwisha kujua nani aliyemwangusha. Ni mimi.

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza nimweleze kidogo. Baba yetu alifariki mwaka huu. Arobaini imepita, mirathi bado haijagawanywa, na mama yuko eda, hatoki nje. Chumba chake kina dirisha la uani, na pikipiki inakaa chini ya dirisha hilo hilo, kwa sababu ndipo baba alipopenda kuiegesha. Mama hajawahi kushika hata usukani wake, lakini ameishi na mlio wake miaka mingi. Akiwa ndani na tasbihi yake anajua nani kaingia nayo, na anajua kama imebeba mtu au haikubeba. Kuna siku aliniuliza kupitia dirishani, "Mwana, leo inakohoa, mafuta umeyatoa wapi?" Na kweli nilikuwa nimejaza petroli ya chupa, ile ya kuuziwa kwenye meza barabarani.

Mimi ni mwalimu. Shule yangu iko mbali na barabara ya lami, upande wa Mapinga, na bila pikipiki daladala inaniacha lami, siku yangu inaanza kwa kutembea na inaisha kwa kutembea. Baba alipougua tulikubaliana mimi niende nayo shuleni, Seif aichukue nikirudi na siku za likizo, kwa ajili ya udalali wake. Ilikuwa sawa. Sasa hivi ni likizo, kwa hiyo wiki hii yote imekuwa mikononi mwake. Shule inafunguliwa Jumatatu.

Kuitunza ndiyo kazi ambayo haikugawanywa. Hiyo ni yangu peke yangu. Baba alinifundisha mimi kwa sababu Seif hakupenda kuchafuka. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajaoga kwa ajili ya sala, baba aliisimamisha kwa stendi kubwa, akanipa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, tukaanza. Unasugua pingili moja moja, unafuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kisitoke na weusi. Unadondosha oili nzito upande wa ndani wa cheni, unazungusha tairi kwa mkono, unaiacha inywe, kisha unafuta iliyozidi. Hapo kwenye kufuta ndipo watu wengi wanapokosea. Kwetu huku kila njia ni mchanga, na cheni inayotiririka oili inakusanya mchanga wote kuanzia hapa hadi Mapinga, halafu inajisaga yenyewe.

Seif yeye dawa yake ni oili chafu. Anaiomba kwa mafundi, ile waliyoimwaga kutoka kwenye injini za watu, anaimimina juu ya cheni mpaka inachirizika, anaondoka. Ukimwambia anakujibu kwamba pikipiki zote za mjini zinafanyiwa hivyo na zinatembea.

Na ugomvi wetu wa kwanza baada ya msiba ulikuwa wa oili, ya injini safari hiyo. Alijaza oili ya gari. Alikuwa na kopo limebaki kwa rafiki yake, akaona kwa nini liharibike. Oili ni oili, alisema. Siku ya pili nakwea kilima kidogo tu, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi, klachi inateleza. Kwenye pikipiki klachi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za gari zimetiwa vitu vya kulainisha ambavyo klachi haivitaki. Baba alikuwa na oili yake moja, ya pikipiki, nzito ya kufaa joto la pwani, na kabla ya kununua alilikagua kopo kama kizibo kimeshafunguliwa. Nikaimwaga ile ya Seif yote, nikaweka ya baba, nikazungukazunguka nayo mtaani, nikaimwaga tena na kuweka nyingine. Seif alisimama mlangoni ananitazama. "Mwalimu wa kila kitu," akasema.

Mwezi uliopita nilinunua cheni mpya na gia zake zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa sababu vya zamani vilikuwa vimekwisha. Nilivifunga mwenyewe. Nilipofika kwenye loki, kile kibati kidogo kinachounganisha ncha mbili za cheni, nilisikia sauti ya baba kabisa: upande uliofumba utangulie mbele, wenye mdomo ubaki nyuma, usije ukagonga kitu ukafunguka njiani. Kisha nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, niliyoinunua kwa ajili ya harusi ya binamu na kuitumia mara moja tu, nikapaka pingili moja. Cheni haina mwanzo wala mwisho, na ukiisafisha bila alama unasugua palepale pengine mara mbili na pengine usifike. Ile nyekundu ikirudi kwangu najua nimemaliza mzunguko.

Seif alicheka sana siku ile. Alisema hata cheni nimeipeleka saluni.

Kwa hiyo aliijua ile alama. Nataka hilo likae hapa limeandikwa.

Leo alasiri baba mdogo Rajabu alikuja. Ndiye aliyesimama mahali pa baba tangu msiba, na nilimpokea kwa heshima zote, shikamoo, marahaba, kiti, maji ya kunywa. Tulikaa uani, mbele ya pikipiki yenyewe. Seif alikuja anachechemea, mkononi ana mfuko wa plastiki, akamimina cheni iliyokatika miguuni pa baba mdogo. Nyeusi, imejaa mchanga na oili chafu, imelala pale chini.

"Cheni aliyoifunga Mwana hii hapa," akasema. "Loki kaiweka kinyume. Ningekufa leo."

Nilisema si kweli. Nilisema naomba niitazame. Baba mdogo alinyoosha mkono, bila ukali, akaniambia nisibishane na mtu aliyetoka kunusurika. Kisha akaongea kwa upole ule unaoumiza kuliko kufokewa. Alisema hakuna anayenilaumu, maana hii si kazi yangu, mwanamke na spana wapi na wapi, marehemu alinidekeza tu. Chombo cha moto kikae kwa mwanamume mpaka mirathi itakapozungumzwa. Nimpe Seif ufunguo kesho kabla ya sala ya Ijumaa. Shuleni Mungu atanijalia usafiri.

Ufunguo wa pili, wa baba, ninao mimi. Ndio huo aliousema.

Dirisha la mama lilikuwa wazi. Pazia lilikuwa linacheza. Hakuna hata neno moja ambalo hakulisikia, na mimi nilikuwa nasubiri, sijui kwa nini, nilikuwa nasubiri aseme hata "mwacheni mwanangu." Alinyamaza.

Walipoondoka niliiokota ile cheni. Niliiloweka kwenye mafuta ya taa, nikachukua mswaki, nikaanza pingili ya kwanza. Nilizunguka yote, nikazunguka tena. Haikuwa na nyekundu. Nikajiambia labda rangi imebanduka, nijipe sababu ya kumwamini kaka yangu. Lakini uchafu ulipotoka niliona kutu iliyokula mpaka ndani, na pingili zilizolegea hata ukiishika kwa ubavu inapinda na kuning'inia. Cheni hii ni ya zamani kuliko msiba wetu. Loki nayo ilikuwa nzima. Iliyokatika ni pingili, imechoka tu.

Haikuwa cheni yangu.

Tangu juzi nilikuwa nasikia pikipiki inalia vibaya ikiingia, tena inaruka kama inayomeza mate. Nikadhani ni mchanga, nikajiambia Ijumaa nitaisafisha. Kumbe ni cheni iliyokwisha, imevishwa juu ya gia mpya. Vitu hivyo viwili haviwezi kukaa pamoja hata kidogo.

Nilikwenda chumbani kwa mama nikiwa nayo, imefungwa kwenye gazeti nisimchafulie mkeka. Nilifurahi, nakiri. Nilikuwa na ushahidi, na nilikuwa nampelekea mtu mmoja ambaye angeuelewa. Nikafungua gazeti na kuanza kueleza rangi ya kucha, kutu, gia.

Mama hakuitazama. Alikuwa anaitazama tasbihi.

"Nilisikia, Mwana," akasema.

Akaniambia yote kwa sauti ya chini. Jumanne, nilipokwenda Mbegani kumpa hongera rafiki yangu aliyejifungua, Juma alikuja. Juma ni dalali mwenzake Seif, wana pikipiki za aina moja. Alikuwa na mteja wa kumpeleka Lugoba kuona shamba, safari ndefu, na cheni yake imekwisha. Akaomba kuazima ya kwetu. Vijana hawa wanaazimana kila kitu, viatu, kanzu ya harusini, helmeti, na Seif hana mdomo wa kumnyima Juma jambo. Wakakaa pale chini ya dirisha, wakavua cheni ya kwetu wakavisha ile ya Juma. Walipomaliza Seif akasogea dirishani akasema, mama, usimwambie Mwana, inarudi Ijumaa asubuhi.

Nilimuuliza, na leo je? Nilipokuwa naambiwa mimi ndiye niliyemwangusha?

"Ningesema mbele ya baba yenu mdogo, Seif angeuweka wapi uso wake? Ndiye mwanamume aliyebaki katika nyumba hii. Wewe una kazi yako na akili zako, mwanangu. Wewe utapita."

Utapita. Nimelitafuna neno hili tangu saa ile. Maana yake ni kwamba anayeweza kubeba ndiye anayeongezewa mzigo. Seif akidanganya analindwa, kwa kuwa ni dhaifu. Mimi nikifanya vizuri siulizwi, kwa kuwa nitapita.

Kwa Seif hasira yangu naijua, ni ya siku zote, itaisha tukicheka pamoja siku moja. Juma simhesabu. Hii ya mama ndiyo sijui niiweke wapi. Mtu anayejua pikipiki imekohoa, anajua mafuta ya chupa, anajua nani kapanda nani kashuka, leo alikuwa kiziwi kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe ni mimi.

Nilikuwa nimeshasimama nitoke aliponiita tena. Nilidhani ataniomba radhi. Nilirudi haraka kuliko ninavyopenda kukiri.

"Juma analeta cheni kesho asubuhi," akasema. "Mfungie kaka yako wewe, asipeleke kwa fundi wa barabarani. Nikijua umefunga wewe roho yangu inatulia."

Nikajibu, "Haya, mama." Sijui ni nani aliyejibu. Labda ni mkono uliozoea kazi.

Nimekaa hapa nafikiria ile loki. Ni kibati kidogo, ukikigeuza hakuna atakayejua, na neno la Seif la leo lingekuwa kweli kesho. Wazo hilo lilinipitia, siwezi kulificha kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Lilipita likaenda zake. Sina mikono ya kazi hiyo, baba hakunipa.

Kwa hiyo kesho nitaifunga cheni. Nitaisugua mpaka ile nyekundu inirudie, nitapima ulegevu wake kwa kidole, nitaweka oili, nitafuta iliyozidi. Upande uliofumba utatangulia mbele. Jumatatu nitatoka alfajiri na kutembea, na nitafika shuleni na vumbi magotini kama watoto ninaowafundisha.

Ila ufunguo Seif sitampa mimi. Nitaingia chumbani, nitauweka kiganjani mwa mama, nimwambie amwite mwanawe ampe mwenyewe. Halafu nitatoka, nikae uani pale chini ya dirisha, pembeni ya pikipiki. Mama anajua kwamba kutoka pale kila neno la chumbani linasikika.