Mke Wangu na Wale Wanamuziki wa London

Bi Mwanaasha mpendwa, nisaidie kabla mdomo wangu haujaniponza.

Mimi ni mzee wa Tanga, nauza vitabu vikuukuu Jules Street, Malvern, na nyumba yetu iko Bertrams. Nimekaa ugenini muda mrefu hata nikiota naota miji miwili kwa pamoja, London nilikofanya kazi maktaba na hapa Johannesburg tulikohamia mwaka 1995, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumshuku mke wangu, nimwite Tabia, mpaka mwezi huu kundi moja la Uingereza lilipotangaza kwamba linakuja kupiga hapa mjini.

Kundi lenyewe linaitwa Lambeth Gold, na habari zao nimezisoma zote. Walianza 1986, vijana watatu wa kusini mwa London, mmoja kinanda, mmoja besi, mmoja ngoma, wakipiga muziki wa soul wa kuchezeka. Mwimbaji wa kudumu hawakuwa naye, waimbaji walipita kama wapangaji, na wimbo uliowatoa, wa mwaka 1989, ulizusha maneno kwa sababu mrembo aliyeonekana kwenye video alikuwa akifungua mdomo tu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa popote. Wakatoa albamu tano, wakagombana, wakaachana, na sasa wamerudi na mvi zao, na huku Joburg ambako kumbi za dansi hazikuwahi kuwasahau, tiketi zimekwisha.

Sasa sikia ninachokiona. Tabia huimba na redio kutwa nzima, lakini ule wimbo wa 1989 ukianza hunyamaza, au hukumbuka kitu jikoni, na mimi miaka yote nilidhani haupendi tu. Juzi tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Doornfontein, bango lao liko mbele yetu, akasema polepole, "Des kazeeka." Nikamwuliza, "Des yupi?" "Huyo mpiga besi." Bi Mwanaasha, bangoni mtu huyo ameandikwa Desmond, sasa Des ni jina la kuitwa na nani? Kisha ikaja simu kutoka Uingereza, akaipokelea roshani na mlango akaufunga, aliporudi akasema ni watu wa bima. Tangu hapo kila asubuhi ni maji ya uvuguvugu yenye tangawizi na asali, pilipili ameacha, maji ya barafu ameacha, anajifungia bafuni anafungulia bomba, na mimi nikitega sikio nasikia kama mtu anaguna humo ndani. Mwanamke wa umri wake anajitengeneza kwa ajili ya nani?

Nikashuka kwa Placide, fundi cherehani wa Kikongo anayekaa chini yetu, maana niliona mezani kwake kitambaa cha zambarau nilichokijua ni cha Tabia. Akanicheka. "Papa, haujue? Mama alisema nisibane hapa kwa mbavu, anataka pumuzi ipite muzuri. Nikamuuliza kama ni arusi, akasema ni kupita arusi. Eish, papa, chunga bibi yako!"

Halafu jana ikaletwa bahasha, Tabia hayupo, nikaifungua. Si tiketi. Ni kadi ya kutundika shingoni, na jina lililoandikwa ni lake la usichana. La usichana! Nimeificha ndani ya kamusi. Onyesho ni Jumamosi, na nimeazimia kwamba akitoka mlango ule kwenda huko asirudi, ila kumwambia bado sijamwambia.

Wala usinione mzembe, maana nilipomposa huko London mwaka 1991 nilichunguza. Nilimwuliza mjomba wake, mbele ya wazee, kama binti amewahi kupanda jukwaani, kwa kuwa kwetu, nilisema, mwimbaji hutuzwa, haolewi. Watu wakacheka. Mjomba akajibu hapana, Tabia akainamisha kichwa akanyamaza, na kimya cha mwari sote twajua ni ridhaa. Basi Des amemjulia wapi?

Mzee wa Bertrams

Bi Mwanaasha anajibu:

Mzee wangu, nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitamani kukurushia kiatu.

Pole kwanza. Kuogopa kumpoteza mtu uliyezeeka naye ugenini, ambako yeye ndiye ukoo wako wote, si jambo la kuchekwa. Lakini umefungua bahasha isiyo yako, umeificha, umemhoji fundi, umetega sikio mlangoni pa bafu kama mpangaji mbaya. Kila mtu umemhoji isipokuwa mwenyewe.

Mwanamke anayekwenda kwa hawara hanywi tangawizi, hujipaka manukato. Anayeacha barafu na pilipili, akaguna bafuni maji yakimwagika, akamwambia fundi asimbane mbavu, huyo analinda koo na pumzi. Watazamaji hukata tiketi, kadi ya shingoni hupewa mtu anayeingia kufanya kazi. Na jina la usichana ndilo walilonalo waliomjua kabla yako. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba sauti ya 1989 haina mwenyewe, kisha ukaniandikia kwamba nyumbani kwako yupo mtu asiyeweza kukaa na wimbo huo chumba kimoja. Sikuapii, studio sikuwapo. Na kama kati yake na Des kulikuwa na la ziada, lilikuwa kabla hujapeleka posa.

Wala usiniambie alikudanganya. Swali ulimwuliza mjomba, na jibu alitoa mjomba. Hukumu ulikwisha kuitoa kabla, tena kwa mzaha, wazee wakakuchekea. Ulitaka binti mdogo asimame katikati ya kicheko kile aseme, "Ni mimi huyo"? Alichoridhia siku ile ni kuolewa nawe, na unaona amekilipia kwa namna gani. Sasa umezeeka, una duka zima la vitabu, na bado badala ya kumwuliza yeye unaniuliza mimi.

Itoe kadi kwenye kamusi leo, usingoje Jumamosi. Usiitupe mezani ili aikute mwenyewe. Mpe mkononi, sema umeifungua, omba radhi. Kisha zima redio, umwulize swali lako la 1991, yeye mwenyewe, bila mjomba na bila mzaha, na ungoje jibu hata kama tangawizi itapoa. Akisema ndiyo, usimsomee habari za albamu tano, anazijua kuliko wewe.

Mwulize kama kuna kadi ya pili.