Mashine Iliyoamka Mwaka wa Elfu Mbili

Malaba, lojingi ya Mama Truphena, stoo ya nyuma.
Jumanne.

Kwako ndugu yangu Omagor,

Mimi Ojakol nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili na machifu wanne. Nimepita njaa, nimepita vita vya ng'ambo ya mpaka wakati watu walivuka mto na magodoro kichwani, nimepita corona bila hata kukohoa. Reli yenyewe iliyoniandika kazi ilikufa ikaniacha nimesimama. Kwa hiyo hizi ni salamu za mtu mzima kabisa, uzipokee kwa mikono miwili. Kifua chako kimepoa? Upepo wa ziwa hapo Osieko haukusumbui? Binti yako Perez na watoto wake wako salama? Sisi huku tuko. Mahindi yametoa ndevu, na malori yamepanga foleni mpaka karibu Amagoro kama kawaida.

Nimekupigia simu mara nyingi. Najua ukiona namba yangu unaizima. Ndio maana nimeandika kwa mkono wangu, herufi moja moja, na barua nampa Mugeni anayekuja huko kununua omena. Usiichane katikati. Sifa zangu ziko mbele, mambo yako wewe yako nyuma.

Unakumbuka ile mashine ya kurekodi picha za kamera hapa lojingi, ile ya zamani. Siku chungu chetu cha pombe kilivunjika uani na mimi nikasema ni mguu wako, ulisimama mbele ya chama chote ukasema wasikuamini wewe wala mimi, waende waangalie kamera. Tukaenda. Egesa fundi akabonyeza tarehe ya siku ile, mashine ikasema hakuna rekodi. Akabonyeza ya jana yake, hakuna. Picha za sasa hivi ilionyesha, tulijiona wenyewe tumesongamana mlangoni, lakini za nyuma ikakataa. Basi Otukei karani wetu akasema mtu ambaye shahidi wake ni bubu hana shahidi. Mimi mwenyekiti nikachukua mrija wako wa kunywea nikauvunja kwa goti, ndio kukufukuza, kama kanuni yetu inavyosema kwa mtu anayepiga chungu teke kwa hasira. Ukaenda zako, hukurudi. Huu ni mwezi wa nane.

Egesa akatangaza mashine imekufa. Mama Truphena akanunua mpya, na ile kuukuu ikatupwa stoo chini ya magunia, mahali mimi ndiye mlinzi. Na unanijua. Mtu akiniambia kitu kimekufa, nataka kuona maiti. Tena nisikufiche, watu wengine walikuwa wameanza kunong'ona ati Omagor alionewa. Hiyo iliniuma. Nikasema nitafufua hiyo mashine, waone mguu wako ukipiga chungu, wanyamaze.

Niliiwasha. Ikanguruma, ikafanya tik tik tik, ikazima, ikajiwasha tena, kama mtu mwenye kwikwi. Egesa alipita akaniuliza kama mzee sasa amekuwa nabii wa kufufua Lazaro. Nikamwambia nilitengeneza redio ya padri kabla mama yake hajaota meno. Mimi maneno yananipa shida kusoma, lakini namba hakuna mtu wa kunidanganya nayo. Chini ya mashine imeandikwa ampea tano. Kwa adapta imeandikwa moja. Kumbe adapta yake ya kweli Egesa aliipeleka kwa mashine mpya, na hii akaifungia ya taa. Hiyo ni kumpa ng'ombe wa kulima majani ya sungura halafu unamlaumu ati havuti. Nikavuka ng'ambo kwa wauza simu, nikarudi na ya ampea tano.

Ikawaka vizuri, lakini ikasema haioni diski. Nikafungua skrubu. Nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo pale waya wa diski unaingia. Nikabandua na kijiti, nikapiga mswaki, nikasukuma waya mpaka ukasema tak. Diski ikaonekana. Mtu mwingine angeita watu hapo akanywa soda. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa siku ya chungu, na mashine ikaniambia yale yale, hakuna rekodi.

Hapo nilikaa siku mbili. Nikazima, nikawasha. Halafu nikaona kwa kona ya skrini tarehe imeandikwa kwa namba nyeupe mahali peupe, ndio maana hakuna mtu aliiona. Ilikuwa tarehe moja Januari, mwaka wa elfu mbili. Nikazima tena, nikawasha, tena ni tarehe moja Januari elfu mbili, saa sita ya usiku. Omagor, ndani ya hiyo mashine kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, kazi yake ni kuikumbusha tarehe stima ikienda. Imekufa. Kila stima ikipotea Malaba, hiyo mashine inaamka ikidhani dunia imeanza jana. Picha zilikuwepo siku zote. Zimelala chini ya tarehe ya uongo.

Sasa sikiza hesabu ya mtu mwenye hakumaliza darasa la tatu. Stima ilikuwa imepotea Jumamosi ya mvua ya mawe, ikarudi saa kumi jioni. Hapo mashine ikasema ni tarehe moja, saa sita ya usiku. Chungu kilivunjika Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Nikahesabu kwa vidole, nikaenda tarehe tatu Januari, saa saba ya usiku. Nikakuta jua linawaka uani kwetu, na sisi tumekaa.

Picha ilikuwa inaruka-ruka kwa sababu ilicheza kamera zote nane pamoja, na mashine ni mzee. Nikachagua moja, ya uani. Ikatembea polepole kama maji.

Sasa hapa ukae chini.

Tuko saba, tumezunguka kile chungu marehemu mke wangu Amongin alifinyanga. Mimi nimesimama, nimekipa mgongo, nasimulia venye nilivuta ile fimbo ya kubadilisha njia za reli siku treni ya mafuta ilikuwa inakuja kugonga ya abiria. Sauti hakuna, lakini najua, maana mkono wangu wa kulia unavuta. Otukei anaangalia simu. Mzee mmoja amesinzia na mrija mdomoni. Akiror mpika pombe anachambua mboga, ametuelekezea kisogo. Mtu mmoja tu ananiangalia. Ameshika mrija bila kunyonya, anatikisa kichwa kila mahali pa kutikisa. Ni wewe. Na hiyo hadithi umeisikia labda mara mia.

Halafu navuta tena kwa nguvu. Fimbo yangu ya kutembelea inarudi nyuma, inanasa kigoda kinachoshikilia chungu. Chungu kinalala. Maji ya moto Akiror alikuwa ametoka kuongeza yanakumwagikia mguuni, unaruka. Ndio sasa mimi nageuka, naona mguu wako katikati ya vigae. Huo ndio mguu niliapa nimeuona ukipiga. Sikuuona ukipiga. Niliuona tu ukiwa pale. Na niliapa kwa jina la Amongin. Kisha wewe unainama na huo mguu umeungua, unaokota vigae kimoja kimoja, na mimi niko juu yako nakunyooshea kidole.

Niliicheza mara kumi na moja. Nilitumaini mashine itakosea.

Iko mahali pa kufuta kila kitu, na nilijua ni wapi. Sikufuta. Lakini pia sikusema. Nilitoka nje nikaambia watu imenishinda. Siku tisa nilitembea na hiyo. Egesa akaniita Daktari wa Maiti, jina likashika mpaka madereva wa malori wakalipigia honi. Akiror alicheka akashikilia mlango asianguke. Omagor, nisikudanganye ati ni roho safi peke yake ilinisukuma. Jina lako liliniuma, ndio. Lakini kicheko kile kiliniuma kwanza. Mimi nimetengeneza kitu fundi mwenye cheti alishindwa, na watu wanasema nimeshindwa! Na nikitaka waone nimeitengeneza, lazima waone na fimbo yangu. Njia nyingine haikuwepo, niliitafuta.

Siku ya kumi asubuhi niliwaita wote stoo. Niliwaeleza adapta, nikaeleza nyigu, nikaeleza betri. Kisha nikabonyeza. Otukei akaomba irudiwe. Akiror akasema polepole ati kumbe Omagor aliokota vigae na mguu umechomeka, na sisi tukamwona mkorofi. Egesa hakucheka. Aliniuliza venye nilijua ni saa saba ya usiku, nikamwambia, na akaandika kwa kitabu chake.

Halafu Otukei akanyoosha mkono. Nilijua anataka nini. Nikampa mrija wangu, akauvunja kwa goti lake. Sikubishana, na wewe unajua hiyo si kawaida yangu. Sasa jioni naketi nyumbani na chai kama mke wa mchungaji. Jina lako lilisafishwa Jumapili baada ya misa, Otukei alisoma kwa sauti mbele ya watu. Kuhusu mimi, walisema mwenye anaweza kunirudisha kwa chungu ni wewe peke yako, si mwingine.

Sikufundishwa kuomba msamaha, kwa hiyo nitaandika mara moja tu na usingoje ya pili. Nilikukosea. Nilikuvunjia mrija kwa kosa la mkono wangu. Ukirudi useme nikae nje, nitakaa nje. Ukirudi useme niingie, nitaingia, na nitasimulia nikiwa nimeketi.

Nisalimie Perez na watoto, na wale wote wanakupa mahali pa kulala. Mwambie Mugeni kama umepokea, atanieleza akirudi.

Na kama unaona hii ni hadithi nyingine ya Ojakol, muulize Otukei, ameona mara mbili. Muulize Akiror, amelia. Muulize Egesa, ingawa yeye atasema alisaidia kwa ile adapta. Alichosaidia ni kuiharibu. Na shahidi wa nne ni huo mguu wako. Miezi nane sijawahi kuuliza kama ulipona. Nauliza sasa.

Ni mimi ndugu yako,
Ojakol, pointsman wa kubadilisha njia za reli, Malaba.