Jina la Kwanza Kwenye Kinu

Mama yangu uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, hapa Kasongo. Mjukuu wako Furaha ameingizwa chumba cha upasuaji asubuhi hii, utumbo umejisokota. Tumemtoa Kabambare kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, na barabara unaijua: mashimo yake hayajaokoka bado.

Tangu mlango ufungwe najaribu kuomba. Nasema, "Furaha, Bwana, Furaha," kisha machozi. Sivuki hapo. Ndipo nikakumbuka kinu chako.

Kila asubuhi ulitwanga mpunga ukiomba kwa sauti, jina moja kwa kila pigo la mchi. Utaratibu haukugeuka hata siku moja: kwanza yule uliyemkasirikia, halafu wagonjwa, halafu walio safarini. Sisi wa nyumbani tulikuja mwisho kabisa, mchele ukiwa umeshakuwa mweupe. Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, akisikia jina lake limetangulia alijua mbuzi wake ameingia tena kwenye muhogo wako.

"Leo niko wa kwanza?" alicheka kutoka ng'ambo ya ua. "Mbuzi imekula nini tena?"

"Imekula shamba yote! Mungu akubariki!" ulimjibu, na mchi haukusimama.

Nilipokuuliza kwa nini sisi tunangoja hivyo, ulisema, "Ukianza na yako, muchele utaisha mbele ya kufika kwa wengine."

Nilijivunia sana kuwa mtoto wako, mpaka siku ile ya baba. Watu walikuja mbio kutoka machimbo ya dhahabu kusema shimo limeanguka naye yumo ndani. Wewe ukaenda kwenye kinu. Nilisimama nikingoja jina lake, ukaanza na Mama Zaina! Nikakushika mkono na kupiga kelele, "Mama, omba juu ya baba kwanza!"

"Nikianza na baba yako, sitaomba, nitalia tu," ulisema. "Acha roho ishuke kwanza."

Jioni walimleta baba akiwa amefunikwa kitenge. Nami, mtoto wa miaka kumi na miwili, nikakuambia neno ambalo sijalirudia mbele ya mtu yeyote: kwamba ulichelewa, kwamba ungemtaja mapema angepona. Baada ya matanga ulirudi kwenye kinu, na jina la kwanza lilikuwa langu. Nililisikia nikajifanya sikusikia.

Mama, nilikuwa nadhani amani ni ya watu ambao mambo yao yamenyooka. Wewe ulikuwa nayo ukiwa mjane, na shamba lililoliwa na mbuzi, na binti aliyekununia. Ulilia, nilikuona. Lakini hukuwa na kinyongo na mtu, na Mungu uliongea naye kama mtu anayeketi hapo jikoni anangoja chakula. Nakustahi kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Nilipaswa kukuambia ungali hai, ila kiburi changu nacho kilikuwa mbuzi wa Mama Zaina, hakifungiki.

Basi leo nimeanza upya. Hapa hakuna mchi, najipiga gotini kwa kiganja, pole pole. Nilijiuliza ni nani ninayemkasirikia, na sikuhitaji kutafuta mbali. Nikasema, "Bwana, mama yangu. Nilimbebesha kifo ambacho hakukileta." Kisha nikamwombea huyu mtoto anayekohoa tangu tulipofika, wa mwanamke niliyeketi naye. Kisha kijana wa pikipiki, ambaye sasa yuko njiani kurudi Kabambare peke yake.

Mlango bado umefungwa na daktari hajatoka. Sijui atatoka na neno gani. Lakini nimefika kwa Furaha, Mama, nimemwombea mpaka mwisho, na kiganja hakikusimama.

Pumzika salama.

Ni mimi, binti yako,
yule uliyemtaja wa kwanza.