Jina la Kwanza Chini ya Mfalme

Dada yangu Chandabbe,

Nakuinamia miguuni kutoka huku Nandivalli, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limetulia baada ya mvua. Mimi sijambo, ila kifua, maana vumbi la mawe limeshahamia humo na halilipi hata kodi. Mwalimu wa hekaluni anayekusomea nampa salamu nyingi. Umwambie asome kilichoandikwa tu, namjua kwa kutia chumvi.

Najua ulishaletewa bangili ya mguu ya mwanao Bopayya, na mjumbe akakwambia alikwenda akicheka, na majirani wakaja kukupongeza. Dada, mimi ndiye niliyekuwa naye asubuhi ile. Nimekaa miezi miwili nikitafuta namna ya kukuandikia.

Unajua mfalme wetu mzee, Bhuvarasa, alilala na homa tangu mavuno. Waganga walipoanza kunong'onezana, msimamizi wa kasri aliniita, akaniamuru nichonge jiwe la ukumbusho mapema, kwa kuwa, alisema, mauti hayangoji patasi ya fundi. Juu nilitakiwa kuweka nasaba yote ya ukoo, kuanzia Mwezi wenyewe, kupitia yule babu yao mchunga nyati, ambaye jiweni tunamwita simba wa milima, mpaka kwa Bhuvarasa, mfalme wa kumi na mmoja. Chini yake, majina ya vijana kumi na wawili wa kiapo, wale wanaovaa bangili mguu wa kushoto na kula chungu kimoja na mfalme, na siku akifa wanakufa naye.

Nasaba ilinichukua siku tisa. Nikafika kwenye majina. Kwa cheo Bopayya alikuwa wa tisa, lakini nani angeniuliza? Ni mpwa wangu, nimembeba mgongoni. Nikamweka wa kwanza, chini kabisa ya mfalme, kwa herufi nene. Alipokuja kuliona alinitania kwamba nimempandisha cheo bila ruhusa, wenzake watamchinja kwa wivu kabla mfalme hajakata roho. Tulicheka, tukala ugali wa ulezi na mchuzi wa ukwaju papo hapo vumbini. Akaniambia mkewe ana mimba ya miezi mitano. Nilifurahi, wala sikufikiri zaidi.

Mfalme alikufa Jumanne alfajiri. Nilikuwa nimechonga majina matatu tu.

Mwanawe, Chattarasa, alirithi kiti na adui wakiwa mpakani, na hakutaka kupoteza panga kumi na mbili kwa siku moja. Wakabishana na makuhani mpaka jua likatoka. Wakaafikiana hivi: ambaye jina lake limeshachongwa amekwisha kukabidhiwa kwa marehemu, harudishwi, ambaye halijachongwa amefunguliwa kiapo bila aibu, atamtumikia mfalme mpya. Msimamizi angekuja adhuhuri kulisoma jiwe.

Aliyeniletea habari hizo ni Bopayya mwenyewe, mbio, hana kilemba. Akaniuliza, "Mjomba, umefika wapi?" kana kwamba hakuliona jina lake juzi. Nikamwonyesha. Kisha akasema, "Lifute, mjomba. Nataka kumwona mtoto wangu sura."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia jiwe limeshakauka, kovu litaonekana, watatuua sote wawili. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza tangu utotoni, akaniamini.

Dada, iliwezekana. Jiwe letu likitoka machimboni huwa laini, hukwanguka kama tango, na lile lilikuwa bado bichi. Ningeshusha uso wote wa chini, yaani kuukwangua mpaka yale majina matatu yaondoke pamoja, na hakuna ambaye angejua. Muda nilikuwa nao. Lakini kushusha uso kungekata mkia wa herufi ya jina la mfalme ulioteremka mpaka hapo, na mstari ule ndio kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga maishani mwangu. Nilionea huruma herufi. Sina neno jingine la kujitetea, na hata hili si la kujitetea.

Msimamizi alikuja, akasoma, akasifu mkono wangu. Walikwenda watatu. Tisa wako hai, nawaona sokoni wakinunua tambuu.

Na hakwenda akicheka. Tulitembea pamoja mpaka mlango wa hekalu, amenishika mkono, na kiganja chake kilikuwa baridi. Aliniomba nisikwambie kwamba aliogopa. Nimeivunja ahadi hiyo kwa sababu alikufa akidhani mjomba wake alifanya kila aliloweza, na nisingependa wewe nawe uishi ukidhani hivyo.

Mfalme mpya ameniita nimchongee jiwe lake. Nimesema kifua hakiniruhusu, na si uongo.

Msalimie shemeji. Mkwe wako mpe salamu, nawe umtunze mpaka ajifungue. Mwaka ukitimia nitakuja kumtolea Bopayya wali wa wafu pamoja nanyi, ukiniruhusu. Usiponiruhusu, nitakaa nje ya kijiji, ng'ambo ya bwawa, mpaka mmalize.

Mdogo wako,
Bammoja, mchonga mawe